Akufukuzaye Hakwambii Toka: Mtaalamu wa Nijeria na Deni Lisilo Lake

Wahenga walinena kuwa akufukuzaye hakwambii toka. Hakuna serikali ya Nijeria, iwe ya kijeshi au ya kiraia, iliyowahi kusimama hadharani ikawaamuru madaktari, wauguzi, wahandisi na wahadhiri wake wafunge virago. Hata hivyo, virago vimefungwa. Vijana wa Lagos, Ibadan na Abuja wana neno moja la Kiyoruba wanaloielezea safari hiyo: japa, yaani kutoroka, kuchomoka mbio kabla ya kunaswa. Neno hilo limevuka mipaka ya Kiyoruba na kuenea nchini kote, na mwishoni mwa mwaka 2024 likaingizwa katika kamusi kuu ya Kiingereza ya Oxford. Yaelekea neno limepata ukaazi wa kudumu ughaibuni kwa wepesi kuliko wanaolitamka.

Mijadala mingi kuhusu safari hii imejikita katika swali la uzalendo: je, kijana aliyesomeshwa kwa jasho la walipa kodi ana haki gani ya kwenda kuwatibu watu wa Manchester au Toronto ilhali wagonjwa wa Kano wanalala sakafuni? Makala haya yanashikilia kwamba swali hilo linaulizwa kwa mtu asiyestahili kuulizwa. Deni lipo, nalo ni kubwa, lakini ni deni la serikali mbili: ile inayomsomesha mtaalamu kisha ikakataa kumtunza, na ile inayompokea kisha ikakataa kulipia alivyosomeshwa. Dhuluma iliyopo katika sera za uhamiaji za leo, za Nijeria na za mataifa tajiri, ni kwamba mzigo wa deni hilo huondolewa mabegani mwa wadaiwa halisi na kutwikwa msafiri mmoja mwenye sanduku moja.

Si Jambo la Jana

Wapo wanaodhani kwamba japa ni mtindo wa vijana wa kizazi cha simu. Historia inawasuta. Katika miaka ya 1970, bei ya mafuta ilipopanda, Nijeria ndiyo iliyokuwa ughaibuni kwa wengine. Walimu kutoka Ghana walifundisha katika shule zake, na wahamiaji kutoka Afrika Magharibi nzima walimiminika Lagos kutafuta riziki. Bei ya mafuta ilipoporomoka, ukarimu nao uliporomoka. Mnamo Januari 1983, serikali ya Shehu Shagari iliwaamuru wageni wasio na vibali waondoke, na inakadiriwa kuwa watu wapatao milioni 2, wengi wao wakiwa Waghana, walitimuliwa katika muda wa majuma machache. Mifuko mikubwa ya mirabaraba waliyobebea mali yao imebaki hadi leo na jina la kuwafukuza Waghana.

Gurudumu liligeuka upesi. Katikati ya miaka ya 1980, wakati wa utawala wa kijeshi, televisheni ya Nijeria ilionyesha tangazo lililomhusu kijana aitwaye Andrew, aliyeigizwa na Enebeli Elebuwa. Andrew alilalamikia barabara mbovu, umeme unaokatika na maji yasiyotoka mferejini, kisha akatangaza kuwa anaihama nchi. Ujumbe wa tangazo ulikuwa kuwasihi akina Andrew wabaki wavumilie. Mwaka 1986 ukaja mpango wa marekebisho ya kiuchumi chini ya Ibrahim Babangida. Naira ikapoteza thamani, mshahara wa mhadhiri na wa daktari ukawa haufui dafu mbele ya bei za sokoni, na akina Andrew wa kweli, ambao hawakuwa waigizaji, wakaelekea Marekani, Uingereza na Saudia.

Linalopaswa kuzingatiwa ni kwamba malalamiko ya Andrew hayakujibiwa, yalikemewa tu. Mwaka 2021, madaktari walio katika mafunzo ya ubingwa waligoma kwa zaidi ya siku 60. Wahadhiri wa vyuo vikuu vya umma waligoma kuanzia tarehe 14 Februari hadi 14 Oktoba 2022, miezi minane mizima. Mwezi Juni 2023, serikali ilipoiacha naira ielee sokoni, dola moja ya Marekani ilikuwa ikibadilishwa rasmi kwa takriban naira 460. Kufikia Februari 2024 ilikuwa imevuka naira 1,500. Mwezi Agosti 2023, lifti katika makazi ya madaktari wa hospitali moja ya umma mjini Lagos iliporomoka na kumuua daktari mchanga aliyekuwa amekaribia kuhitimisha mwaka wake wa mafunzo kazini. Wenzake hawakuhitaji tangazo la televisheni ili wajue la kufanya.

Chujio Lenye Macho Madogo

Ughaibuni husimuliwa kana kwamba ni mlango mmoja ulioachwa wazi. Ukweli ni kwamba ni machujio kadhaa, na kila chujio limefumwa kulingana na mahitaji ya mwenye nalo, wala si mahitaji ya anayepita.

Mathalani, Kanada ilianzisha mfumo wa Express Entry mnamo Januari 2015. Mwombaji hupimwa kwa alama zisizozidi 1,200, zinazotokana na umri, elimu, lugha na tajriba ya kazi. Mwenye umri wa miaka 20 hadi 29 hupewa alama zote za umri. Kuanzia miaka 30 alama hizo hupungua kila mwaka, na afikishapo miaka 45 hapati hata moja. Anayeteuliwa na mojawapo ya mikoa ya Kanada huongezewa alama 600 kwa mkupuo. Shahada aliyoipata Nsukka au Zaria sharti ipelekwe kwa taasisi maalumu ikadiriwe iwapo inalingana na ya Kanada. Isitoshe, mtaalamu asiye na ajira tayari nchini humo sharti aonyeshe kuwa ana fedha za kujikimu. Mwaka 2024, mwombaji asiye na familia alitakiwa kuwa na dola 14,690 za Kanada, kiasi kilichozidi naira milioni 15 kwa thamani ya wakati huo. Mshahara wa kima cha chini uliopitishwa nchini Nijeria mwezi Julai mwaka uo huo ulikuwa naira 70,000 kwa mwezi. Mtu wa mshahara huo angelazimika kuweka akiba kwa zaidi ya miaka 17, bila kula wala kuvaa, ndipo azifikie fedha hizo za kuonyesha tu.

Uingereza nayo ina ngazi zake. Daktari hufanya mtihani wa baraza la madaktari la nchi hiyo kwa sehemu mbili: ya kwanza aweza kuifanyia Lagos au Abuja, ya pili hufanyiwa Manchester pekee. Kwa hiyo, hulazimika kutafuta viza, nauli na malazi ili akafanye mtihani ambao aweza kuufeli. Akifaulu hutafuta mwajiri wa kumdhamini, kisha kibali, na baada ya kuishi nchini humo kwa miaka mitano kama mfanyakazi ndipo sheria ilipomruhusu kuomba ukaazi usio na kikomo. Hata hapo hujibu maswali 24 kuhusu historia na maisha ya Uingereza katika muda wa dakika 45. Ujerumani, kwa upande wake, humpa mtaalamu mwenye Kadi ya Buluu ukaazi wa kudumu baada ya miezi 27 iwapo anajua Kijerumani cha kiwango cha mwanzo, na baada ya miezi 21 iwapo amefikia kiwango cha kati. Mwezi Juni 2024 nchi hiyo ilianzisha pia kadi maalumu, inayotolewa kwa alama, ya kumruhusu mtu kuingia na kutafuta kazi.

Zitazame ngazi hizi kwa makini, hasa alama za umri. Kijana wa miaka 28 ndiye anayetakiwa zaidi. Huyo ni yule ambaye wazazi wamemaliza kumlipia karo, chuo kikuu kimemaliza kumfundisha, hospitali imemaliza kumvumilia alipokuwa akijifunza, naye sasa ndiyo kwanza yu tayari kuzaa matunda. Chujio limefumwa ili linase tunda siku ile ile linapoiva. Aliyepanda, aliyepalilia na aliyemwagilia maji hatajwi popote katika fomu ya maombi. Hapo ndipo deni linapoanzia, na ndipo linaponyamaziwa.

Lugha Isiyoaminiwa

Kipengele cha lugha kinastahili kutazamwa peke yake, maana kinafichua mengi kuhusu nafasi ya Mwafrika katika soko hili. Kiingereza ndiyo lugha rasmi ya Nijeria. Ndicho kilichotumika kumfundisha muuguzi anatomia, kumtahini na kumpa leseni. Hata hivyo, serikali ya Uingereza ina orodha ya mataifa ambayo raia wake hawatakiwi kuthibitisha kuwa wanajua Kiingereza wanapoomba viza. Jamaika imo, Malta imo, Barbados imo. Nijeria haimo. Kwa hakika, hakuna nchi hata moja ya bara la Afrika iliyomo.

Kanada, ili haki itendeke katika kulieleza jambo hili, humtaka kila mwombaji wa Express Entry afanye mtihani wa lugha, awe Mnijeria au Mwingereza. Lakini matokeo ya mtihani huo hutambuliwa kwa miaka miwili tu, na mtu ambaye hakuitwa katika kipindi hicho hulipa tena na kutahiniwa upya, kana kwamba lugha ni maziwa yanayoganda yakikaa. Fauka ya hayo, tangu mwaka 2023 Kanada imekuwa ikifanya mizunguko maalumu ya kuwaita wanaojua Kifaransa, ambayo mara nyingi imehitaji alama chache zaidi. Kwa sababu hiyo wapo Wanijeria waliokwisha kufaulu Kiingereza ambao sasa wanakesha wakinyambua vitenzi vya Kifaransa. Wanaoelekea Ujerumani kuuguza wagonjwa wanajifunza Kijerumani hadi kiwango ambacho mtu aweza kumweleza mgonjwa ugonjwa wake bila kigugumizi.

Kujifunza lugha si msiba. Kila lugha ni hazina. Msiba ni mahali lugha za Nijeria zenyewe zilipoachwa. Katika miaka ya 1970, mradi wa elimu wa Ife ulioongozwa na Babs Fafunwa uliwafundisha watoto wa shule ya msingi masomo yao kwa Kiyoruba kwa miaka sita, na ukaonyesha kuwa yawezekana mtoto akaelewa sayansi kwa lugha ya mama yake. Mwaka 2022 serikali iliidhinisha sera ya kutumia lugha za mama katika miaka sita ya kwanza ya shule. Mwezi Novemba 2025 serikali iliifuta sera hiyo na kurejesha Kiingereza katika ngazi zote. Ina maana kwamba taifa limemtoa mtoto wake lugha ya kwao sadaka ili apate Kiingereza, na anapokipeleka Kiingereza hicho kwa wenyewe, anaambiwa alipie mtihani ili aaminiwe. Wanaoipigania lugha ya Kiswahili katika vyuo vya Afrika Mashariki hawahitaji kufafanuliwa zaidi fumbo hili.

Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Ni nadra methali kutimia kwa maana yake ya juujuu, lakini katika hospitali za Uingereza imetimia. Zaidi ya madaktari 10,000 waliosomea Nijeria wamesajiliwa nchini humo, na wauguzi waliotoka Nijeria nao wamepita idadi hiyo. Mwezi Agosti 2020, wakati maradhi ya korona yalipokuwa yakiwatandika wazee, Uingereza ilianzisha viza maalumu ya wahudumu wa afya. Mwezi Februari 2022 iliwaongeza wahudumu wa makao ya wazee na kuwaruhusu waje na wake, waume na watoto wao. Maelfu ya Wanijeria waliitika, wakiwemo walimu na watumishi wa benki walioacha kazi zao ili wakawaogeshe na kuwalisha vikongwe wa watu wengine.

Mwenyeji alipopata nafuu, lugha ilibadilika. Kuanzia Machi 2024 wahudumu hao walikatazwa kuja na familia zao. Aprili mwaka huo, kima cha mshahara kwa wataalamu wengi wanaoomba viza ya kazi kilipandishwa kutoka pauni 26,200 hadi 38,700 kwa mwaka. Julai 2025 njia ya kuwaajiri wahudumu wa wazee kutoka ng'ambo ilifungwa kabisa. Mwaka huo huo serikali ya Uingereza ilitangaza pendekezo la kukiongeza kipindi cha kungojea ukaazi usio na kikomo kutoka miaka mitano hadi kumi kwa watu wengi. Mtu aliyeuza shamba la babake akihesabu miaka mitano akajikuta, akiwa njiani, anaambiwa kuwa huenda safari imeongezwa maradufu.

Uingereza haiko peke yake. Mwezi Oktoba 2024 Kanada ilitangaza kuwa ingewapokea wakaazi wapya 395,000 mwaka 2025, badala ya 500,000 iliokuwa imewapangia. Marekani iliiondoa Nijeria katika bahati nasibu yake ya viza kuanzia bahati nasibu ya mwaka 2015, kwa kuwa wahamiaji wake walikuwa wamezidi kiwango. Januari 2020 ilizuia viza za ukaazi kwa Wanijeria, ikaliondoa zuio hilo Januari 2021, na Desemba 2025 ikatangaza vikwazo vingine. Kila taifa lina haki ya kupanga nani aingie kwake, hilo halibishaniwi. Linalobishaniwa ni uadilifu wa kubadilisha masharti katikati ya mkataba, hasa na mtu aliyekwisha kuvunja nyumba yake ili aitikie wito.

Kuku mgeni naye hakosi kamba mguuni. Kibali cha mfanyakazi mgeni nchini Uingereza hufungwa kwa mwajiri aliyemdhamini. Mwajiri huyo akipokonywa leseni kwa makosa yake mwenyewe, mfanyakazi kwa kawaida hupewa siku 60 atafute mdhamini mwingine au aondoke. Katika mazingira hayo wakazuka madalali waliouza hati za udhamini kwa maelfu ya pauni, ingawa sheria inakataza kuziuza, na waajiri waliowaita watu kwa kazi ambazo hazikuwepo. Aliyedhulumiwa huogopa kushtaki, kwa sababu anayemshtaki ndiye aliyeishika kamba. Mtu aliyeko katika hali hiyo hawezi kuitwa msaliti wa nchi yake. Bado hajapata nchi ya kuisalitia ile ya kwanza.

Kumfungia Mtu Mlango

Je, Nijeria imelijibuje wimbi hili? Mwezi Aprili 2019, Waziri wa Kazi wa wakati huo, Chris Ngige, ambaye mwenyewe ni daktari, alisema kwamba nchi ilikuwa na madaktari wa ziada na kuwa kuondoka kwao hakukuwa tatizo. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Miaka sita baadaye, mwaka 2025, Waziri wa Afya, Muhammad Ali Pate, alieleza kuwa zaidi ya madaktari 16,000 walikuwa wameondoka katika kipindi cha miaka mitano hadi saba, kwamba kumsomesha daktari mmoja hugharimu zaidi ya dola 21,000 za Marekani, na kuwa nchi ilibaki na madaktari 3.9 kwa kila watu 10,000. Ziada ya mwaka 2019 ilikuwa imeyeyuka kama barafu juani, kama kweli iliwahi kuwepo.

Kati ya kauli hizo mbili, kulikuwa na majaribio ya kufunga mlango. Mwezi Aprili 2023, mswada wa mbunge Ganiyu Johnson ulipita hatua ya kusomwa mara ya pili katika Baraza la Wawakilishi. Ulitaka madaktari wafanye kazi nchini kwa miaka mitano kabla ya kupewa leseni kamili. Februari 2024, Baraza la Wauguzi na Wakunga la Nijeria lilitangaza kuwa halitathibitisha vyeti vya muuguzi kwa mabaraza ya ng'ambo mpaka awe amefanya kazi kwa miaka miwili baada ya kupata leseni. Wauguzi waliandamana Abuja na Lagos.

Hoja ya wanaounga mkono hatua hizi haifai kupuuzwa. Karo katika vyuo vikuu vya umma vya Nijeria haikaribii gharama halisi ya kumfunza daktari, na pengo hilo limezibwa na umma: muuza nyanya wa Mushin, mkulima wa Benue, dereva wa lori. Watu hao wana haki ya kuuliza wamepata nini. Mama anayejifungua usiku katika zahanati isiyo na mkunga hawezi kutulizwa kwa hotuba kuhusu uhuru wa mtu kusafiri. Anayeipuuza sauti ya mama huyo hana sifa ya kulizungumzia jambo hili.

Hata hivyo, dawa iliyopendekezwa haimfikii mama huyo. Kwanza, mhitimu wa Nijeria tayari hulitumikia taifa kwa mwaka mmoja katika mpango wa vijana ulioanzishwa mwaka 1973, na daktari huongeza mwaka wa mafunzo kazini. Pili, kifungu cha 41 cha katiba ya mwaka 1999 kinakataza raia kunyimwa ruhusa ya kutoka nchini. Tatu, mkataba wa haki husainiwa kabla ya kazi kuanza. Kumwekea mtu sharti jipya baada ya yeye kuhitimu ni kumbadilishia bei mnunuzi aliyekwisha kulipa, yaani kosa lile lile linalolaumiwa kwa Uingereza. Nne, daktari anayezuiliwa kwa nguvu katika hospitali isiyo na glavu wala umeme hageuki kuwa tiba. Anageuka kuwa mfungwa mwenye koti jeupe.

Linaloudhi zaidi ni kwamba wanaowataka madaktari wabaki hawabaki nao wanapougua. Tarehe 30 Machi 2021, Rais Muhammadu Buhari aliondoka kwenda London kuangaliwa afya yake. Siku mbili baadaye, tarehe 1 Aprili, madaktari wa mafunzo ya ubingwa nchini mwake walianza mgomo. Mwaka 2017 alikuwa amekaa London kwa zaidi ya siku 100 kwa matibabu, na ni katika mji huo huo alikofia mwezi Julai 2025, akiwa amekwisha kustaafu. Hakuna anayemlaumu mgonjwa kwa kutafuta uzima. Lakini ikiwa kiongozi ana haki ya kwenda ughaibuni kutibiwa, kwa mantiki gani daktari ananyimwa haki ya kwenda ughaibuni kutibu?

Deni Lilipwe na Wadaiwa

Ikiwa deni si la msafiri, basi wadaiwa halisi watajwe na hesabu iwekwe mezani.

Mdaiwa wa kwanza ni serikali ya Nijeria. Mwezi Aprili 2001, marais wa Afrika walikutana katika jiji la Abuja kwenyewe na kuahidi kutenga angalau asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya. Mwenyeji wa mkutano huo, tangu siku ile, hajawahi kukifikia kiwango hicho katika bajeti ya shirikisho. Kulipa deni hili maana yake ni mshahara unaolipwa kwa wakati na usiomezwa na mfumko wa bei, makazi salama, vifaa vya kazi, na makubaliano ya migomo yanayotekelezwa badala ya kuhifadhiwa kabatini. Sera ya uhamaji wa wahudumu wa afya iliyoidhinishwa Agosti 2024 ilitambua angalau kwamba mazingira ya kazi ndiyo kiini cha tatizo, na ikazungumzia kuwarahisishia kurudi wale wanaotaka kurudi. Huo ni mwelekeo mwema, ila sera hailishi wala haitibu mpaka itengewe fedha.

Wapo wanaosema kuwa deni hujilipa lenyewe, kwa kuwa Wanijeria walioko ng'ambo hutuma nyumbani takriban dola bilioni 20 kila mwaka. Fedha hizo ni neema kwa familia, lakini haziwezi kuhesabiwa kuwa malipo ya serikali. Zinajenga nyumba ya mama na kulipa karo ya mdogo wake. Hazinunui mashine ya hospitali ya wilaya. Aidha, serikali inayofurahia fedha za watu hao bado haijawapa nafasi ya kupiga kura wakiwa ng'ambo. Pesa zao zinabisha hodi na kufunguliwa. Sauti zao zinaachwa mlangoni.

Mdaiwa wa pili ni mataifa yanayopokea. Mwezi Mei 2010, Shirika la Afya Duniani lilipitisha kanuni za uadilifu katika kuajiri wahudumu wa afya kutoka nchi nyingine. Nijeria imo katika orodha za shirika hilo za mwaka 2020 na 2023 za nchi zenye upungufu mkubwa, ambazo hazipaswi kuvamiwa na waajiri. Uingereza iliiheshimu orodha hiyo kwa maneno: mawakala walikatazwa kwenda kuajiri, lakini anayejileta mwenyewe hupokelewa. Ni sawa na mtu anayesema haendi kuchuma maembe ya jirani, ila yanayoangukia upande wake wa ua huyaokota. Kanuni hizo ni za hiari, na hiari isiyo na gharama huwa ni salamu tu.

Pendekezo lililo la haki ni jepesi kulieleza. Kila mtaalamu wa afya anayepewa kibali na taifa tajiri aandamane na mchango kutoka kwa taifa hilo, unaokaribia gharama ya mafunzo yake, unaowekwa katika mfuko wa vyuo vya udaktari na uuguzi vya kule alikotoka. Mchango huo ulipwe na mpokeaji, usikatwe kwenye mshahara wa mhamiaji. Vivyo hivyo, masharti ya ukaazi yaliyokuwepo siku mtu alipoingia yaendelee kumlinda hadi mwisho wa safari yake, na kibali chake kisifungwe kwa mwajiri mmoja. Mataifa yanayoweza kukokotoa alama 1,200 za mtu mmoja hayawezi kudai kwamba yameshindwa kukokotoa gharama ya shahada yake.

Mwenzako Akinyolewa

Yaliyoifika Nijeria hayako mbali na Kenya. Mwezi Julai 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano kuhusu wahudumu wa afya, na Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zikasaini mkataba wa uhamiaji wa wafanyakazi mjini Berlin. Kati ya Machi na Mei 2024, madaktari wa umma nchini Kenya waligoma kwa siku 56, na moja ya hoja kuu ilikuwa malipo ya madaktari wanagenzi. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Mwanafunzi wa Kenya anayesoma leo uuguzi au uhandisi ana haki ya kuuliza, kila mkataba kama huo unaposainiwa, ni kifungu gani kinachomlinda yeye huko aendako, na ni kifungu gani kinachokilipa chuo kilichomfunza.

Haki ya kuondoka haikamiliki mpaka iandamane na haki ya kubaki kwa heshima. Daktari wa Ibadan anayehama kwa kuwa anataka kuiona dunia ni mtu huru. Anayehama kwa kuwa amekata tamaa amefukuzwa, hata kama hakuna aliyemwambia toka. Kazi ya serikali ya Nijeria ni kuhakikisha kwamba kundi la pili linapungua hadi limalizike. Kazi ya wanaompokea ni kuacha kujifanya kwamba aliota kama uyoga. Naye msafiri, hadi hapo hesabu hiyo itakapofanywa, aachwe aende na sanduku lake, bila kutukanwa uwanjani anapoondoka wala kushukiwa uwanjani anapofika.